Naomba ushauri: mawaridi yangu yanapukutika majani

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Nyumba yetu ipo Nyegezi, Mwanza, juu ya mawe, na kila Jumapili jioni tunawakaribisha majirani barazani kwa vitumbua na chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, huku tukitazama ziwa. Kando ya baraza nina mashina sita ya waridi jekundu, ambayo, nakiri, huwavuta wageni kuliko chai yangu.

Tangu mvua za vuli zianze, majani ya chini yameota madoa meusi yenye kingo zisizo sawa, kama wino uliodondokea karatasi yenye unyevu. Kisha hugeuka manjano na kupukutika, hata mashina mawili sasa yamebaki fito tupu. Nimenyunyizia maji ya sabuni ya mche, nimepaka majivu, nimeongeza samadi, sioni nafuu. Jirani mmoja anasema kosa ni langu, kwa kuwa siku zisizo na mvua humwagilia jioni kwa mpira, na majani hulala yameloa usiku kucha. (Mume wangu anawalaumu wadudu wa ziwani, lakini yeye huwalaumu kwa kila jambo.)

Je, nikate matawi yote yenye madoa na kuyachoma, au mashina yatakufa nikiyapunguza kiasi hicho wakati huu wa mvua? Na je, ipo dawa ya ukungu katika maduka ya pembejeo ninayoweza kuipulizia karibu na meza ya chakula bila madhara? Wageni wa posa ya binti yetu watafika baada ya wiki tano.