Tanuri la gesi linawaka kisha linazimika: nisafishe nini mwenyewe?

Swali:
Tanuri letu la gesi la kupashia nyumba joto huwaka, huzimika baada ya sekunde chache, na baada ya kurudia hivyo mara tatu hugoma kabisa. Chujio la hewa nimeshalibadilisha. Je, ni sehemu gani ninayoweza kusafisha bila kuihatarisha familia?

Jibu la 1:
Ndugu, dalili hizo mara nyingi hutokana na kihisi cha mwali, yaani kijiti chembamba cha chuma kilicho mbele ya vichomeo, ambacho kikishika utando hushindwa kutambua moto, na tanuri likafunga gesi kwa usalama. Zima umeme wa tanuri, funga valvu ya gesi, subiri lipoe, kisha kichomoe na ukisugue taratibu kwa nyuzi laini za chuma. Msasa mgumu hukikwaruza, nami siupendekezi.

Jibu la 2:
Ninakubaliana naye, ila vichomeo na kibadilisha joto, yaani sehemu ya chuma inayohamisha joto la moto kwenda kwenye hewa ya nyumba, mwachie fundi, kwa kuwa ufa mdogo tu unaweza kupitisha kaboni monoksidi, gesi yenye sumu ambayo haina harufu wala rangi. Weka king'ora cha kutambua gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote. Tokeni nje kwanza, ndipo upige simu.

Muulizaji:
Nashukuru. Kijiti kilikuwa na utando mweupe, na sasa moto haukatiki. Hata hivyo, kichomeo kimoja kina mwali wa manjano badala ya buluu, kwa hiyo nimelizima tanuri hadi fundi afike.