Mama amemaliza mionzi ya shingo ya kizazi: mazoezi ya kupanua uke yaanze lini na yafanyweje?

Mkunga_Uvinza
Habari za leo wanajukwaa. Huku vituoni Kigoma tunapokea akina mama waliomaliza mionzi ya nje na ya ndani (ile inayotolewa kwa kifaa kinachowekwa ukeni) Dar es Salaam au Mwanza. Wengi wameambiwa wafanye mazoezi ya kupanua uke, lakini wakifika nyumbani maswali yanaanza. Yaanze lini hasa? Dakika ngapi? Asiye na kipanuzi, yaani kile kijiti laini cha kuingiza ukeni, atumie nini? Wengine wanashauriwa na majirani wapake mawese au asali. Na wajane wanauliza: mimi sina mume, nihangaike na zoezi hilo kwa ajili gani? Naomba majibu ya kina, nitayatumia kuwaelekeza.

Muuguzi_Saratani
Mkunga mwenzangu, nianze na huyo mjane, maana ndiye anayeachwa nyuma kila mara. Zoezi hili si la mume. Ni la kulinda njia ambayo daktari ataitumia kuangalia kama saratani imerudi. Uke ukishikana, spekulamu (kifaa cha kufungulia uke wakati wa kupimwa) haipiti, na uvimbe unaorudi pale juu unaweza kukua bila kuonekana.

Kinachotokea ni hiki. Mionzi huua seli za saratani, lakini pia huchubua utando wa uke. Kuta mbili zenye vidonda zikikaa zimegusana, hushikana kama kidonda kinavyoshika bendeji. Baadaye mishipa midogo ya damu huziba na kovu gumu huchukua nafasi ya nyama laini, kwa hiyo uke unakuwa mfupi, mwembamba na mkavu. Sehemu ya juu karibu na shingo ya kizazi ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyopokea dozi kubwa ya mionzi ya ndani. Mwaka wa kwanza ndio wa kuchunga sana.

Kuanza: kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8 baada ya mionzi ya mwisho, vidonda vikishatulia na daktari akisharuhusu. Akianza mapema mno anachana utando mbichi. Akichelewa miezi, anakuta kovu limeshakomaa.

Namna: akojoe kwanza, anawe mikono kwa sabuni. Alale chali, magoti yamekunjwa na kuachana, au asimame mguu mmoja juu ya kigoda. Apake jeli ya kutosha kwenye kipanuzi kidogo kabisa na kwenye mlango wa uke. Avute pumzi, na anapoitoa ndipo asukume taratibu, akielekeza upande wa mgongo, si juu kuelekea kitovuni. Hapa wengi hukosea, wanagonga mfupa wa kinena na kudhani njia imeziba. Akihisi kinagota bila maumivu makali, aishie hapo. Akae nacho dakika 5 hadi 10, akikizungusha polepole, kisha akitoe huku anakizungusha. Akioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akisuuze, akikaushe kwa kitambaa safi.

Afanye mara 3 kwa wiki. Ukubwa unaofuata aufikie pale tu huu wa sasa unapopita bila maumivu. Tendo la ndoa likifanyika, huhesabiwa kama zoezi la siku hiyo. Aendelee angalau hadi mwaka wa 2. Kosa ninalolisisitiza sana ni lile la kuacha mwezi wa 4 kwa sababu "siku hizi hakuumi", kisha kurudia mwezi wa 8 na kipanuzi kile kile kikubwa. Aliyeacha arudi kwenye kile kidogo.

Damu kidogo ya rangi ya waridi kwenye pedi baada ya zoezi ni ya kawaida. Damu inayotiririka si ya kawaida.

Mfamasia_Tabora
Niongeze la vilainishi. Dada Mkunga, mawese yaishie jikoni. Hayasafishiki kwa maji, yanabaki ukeni, na yakikutana na kondomu ya mpira huidhoofisha ndani ya dakika chache ikapasuka. Kwa mama anayeishi na VVU hilo ni jambo zito. Vaselini na mafuta ya nazi vinaharibu kondomu vile vile.

Asali yetu ya Tabora ni nzuri, na hospitalini ipo asali ya kutibia vidonda, lakini hiyo imesafishwa kuua vijidudu. Iliyotoka mzingani haijasafishwa, na sukari yake huwapa fangasi chakula.

Aombe duka la dawa jeli ya kulainisha yenye asili ya maji, isiyo na manukato wala dawa ya ganzi. Ganzi ni hatari kwa sababu inaficha maumivu yanayomwambia asimame.

Jambo ambalo akina mama hawalitaji mpaka uwaulize ni shabu, ndimu na majani ya kubana uke. Uke huu tayari unabana wenyewe, na shabu inaukausha na kuuchubua zaidi. Kuosha ndani kwa sabuni au dawa ya maji pia aache. Nje, maji matupu yanatosha.

Kama ukavu haupoi, ipo krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, mara nyingi kila usiku kwa wiki 2 kisha mara 2 kwa wiki. Hiyo ni kwa cheti cha daktari tu, na aliyekuwa na saratani ya mji wa mimba wenyewe au ya matiti ndiye hasa asiitumie bila daktari kuamua.

Mkunga_Uvinza
Asanteni sana. Na asiye na kipanuzi kabisa?

Muuguzi_Saratani
Kidole chake mwenyewe, kucha zimekatwa, ndani ya glavu safi yenye jeli. Kimoja kwanza, kikipita vizuri viwili. Hakifiki mbali kama kipanuzi, kwa hiyo akienda kliniki hospitali ya Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza) aulize kipanuzi. Chupa, tango, mti, hapana: vinavunjika au vinachubua.

Daktari_Kigoma
Ya kwangu ni kwa wenzangu wa zahanati. Mkojo au choo kikitoka ukeni bila kuzuilika, hiyo ni fistula, apewe rufaa hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora) mara moja. Vivyo hivyo damu nyingi, uchafu wenye harufu kali usiokoma, mguu mmoja kuvimba, au maumivu ya nyonga yanayozidi usiku. Msimpe dawa ya fangasi mara tatu mfululizo bila kumwangalia.

Kipimo cha siki, kile cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kuangalia mabadiliko ya rangi, hakifai kufuatilia shingo ya kizazi iliyopigwa mionzi, wala isigandishwe kwa baridi kama tiba. Hedhi ikikoma na joto la ghafla likimpanda akiwa na miaka 35, ovari zimezimwa na mionzi. Hilo linatibika, asiachwe avumilie.

Mume anayeogopa aelezwe: saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na baada ya mionzi kwa mashine hakuna mionzi inayobaki mwilini mwa mkewe.

La mwisho. Damu kwenye choo, hata mwaka au miaka 2 baadaye, inaweza kuwa utumbo uliochomwa na mionzi. Mkimpeleka akapimwe kwa kamera, andikeni kwenye barua ya rufaa kwamba alipigwa mionzi ya nyonga, tarehe ya mwisho na dozi yote. Anayepima asipolijua hilo akakata kipande cha nyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa utumbo, kidonda kinaweza kisipone, na tundu la fistula linaweza kufunguka hapo hapo.