HDR ya injini za mvuke pale Railway Museum Nairobi: rangi zinazidi, naomba msaada

Shani_Lenzi
Wadau habari zenu. Nimetoka Mombasa niko Nairobi kwa muda, na nimeanza kupiga injini za zamani pale Railway Museum, hasa ile 5918 Mount Gelai. Shida yangu ni mwanga. Jua la mchana linapiga wima kabisa, huku juu mbingu nyeupe pee na huku chini magurudumu yako gizani, ukipima mbingu chini hupati kitu, ukipima magurudumu mbingu inaungua yote. Ndo nikaingia kwenye HDR, yaani kuunganisha picha za mwanga tofauti ziwe moja: napiga tatu, -2 (ya giza), 0 (ya kawaida) na +2 (ya mwanga mwingi), kisha naziunganisha na programu ya Photomatix. Sasa zikitoka kuna pete nyeupe imezunguka bomba la moshi, rangi ya injini inakuwa nyekundu ya nyanya, na kutu yote imekaa mbele utadhani ndo nilienda kuipiga. Rafiki yangu kaniambia hizo si picha za reli hizo ni graffiti za matatu 😂

Kamera ni ya kropu (sensa ndogo), lenzi 18-55, tripodi ninayo. Pia nataka kupiga ndani kwa dereva, pale ndo sielewi hata nianzie wapi. Msaada jamani.

Mkwawa_RAW
Dada HDR ya nini zama hizi? Sensa za sasa zina nafasi kubwa tu, piga RAW moja (faili ghafi ya kamera), punguza mwanga kidogo ili mbingu isiungue halafu nyumbani unainua vivuli. Mimi HDR niliacha kitambo sana, watu wanaipenda kwa sababu inaonekana "imefanyiwa kazi", lakini injini ya chuma inabaki haina uzito, inaelea. Kivuli ndo kinafanya kitu kiwe kizito, ukikiondoa unabaki na plastiki.

Halafu kwa faida ya wengine, Gelai ni mlima wa huku kwetu Tanzania, karibu na Ziwa Natron, na ile 5930 iliyopo hapohapo inaitwa Mount Shengena, huo uko Upare. Ila mimi ninayoipenda ni 3020 Nyaturu, jina la watu wa Singida, ukifika usiipite hivihivi kisa ni ndogo.

FundiStopu
Mkwawa uko sawa nusu. Nje, siku ya mawingu, RAW moja inatosha na HDR ni kujisumbua tu. Ila mwambie huyo dada ainue vivuli stopu tano (kila stopu ni mwanga mara mbili) kwenye kamera ya kropu chini ya zile fremu za magurudumu uone zile chenga na michirizi. Na ndani ya kebini ndo kabisa, kati ya dirisha lenye jua na mdomo wa tanuru pengo linaweza kupita stopu 10, hapo RAW moja haikutoi.

Shani, tatizo lako haliko kwenye kupiga, liko kwenye kuunganisha. Hiyo pete nyeupe inaletwa na tone mapping, yaani kule kubana mwanga wa picha zote uingie kwenye moja, programu inaangalia kila eneo dogo kivyake, ikikutana na bomba jeusi limegusana na mbingu nyeupe inajaribu kuling'arisha bomba na kuitia giza mbingu, sasa pale mpakani inashindwa ndo inamwaga ule mwanga. Hapohapo kwenye Photomatix kuna njia nyingine inaitwa Exposure Fusion, hiyo haitengenezi kitu kipya, inachukua tu sehemu iliyotoka vizuri kwenye kila picha na kuzichanganya. Ni njia iliyoandikwa na kina Mertens mwaka 2007 na hadi leo mimi sijaona inayoishinda kwa vitu vya chuma. Kama hutaki kulipia kuna programu ya bure inaitwa Enfuse, unaipata ndani ya programu ya Hugin. Ukiwa na Lightroom ile ya kuunganisha HDR inakupa faili ambayo bado inafanya kazi kama RAW, hata slaidi ya Exposure inafika 10 badala ya 5, kwa hiyo unaipeleka polepole mwenyewe, hakuna anayekulazimisha nyanya.

Wakati wa kupiga: apacha (tundu la lenzi) usiiguse, weka f/8 iache hapo, badilisha shata (muda wa kuingiza mwanga) peke yake, maana ukibadilisha apacha kina cha fokasi nacho kinabadilika na picha hazilingani. ISO 100. White balance iweke wewe usiache auto, la sivyo kila fremu inakuja na rangi yake. Stabilaiza zima kamera ikiwa juu ya tripodi, taima sekunde 2. Kama una filta ya polaraiza itumie, inaondoa ule mng'ao mweupe kwenye rangi ya mafuta, ila ukishaizungusha ukapata iache hapohapo mpaka fremu zote ziishe.

Ndani ya kebini sahau ile bracketing ya kamera (inayojipigia yenyewe fremu za mwanga tofauti), fanya kwa mkono. Anza na shata ambayo dirisha halijaungua, tuseme 1/500, kisha 1/125, 1/30, 1/8, 1/2. Kila hatua hapo ni stopu mbili. Fremu tano, umemaliza kebini nzima kuanzia miti ya nje mpaka ndani ya tanuru.

MzeeWaMuthurwa
Watoto wangu nimesoma nimefurahi. Mimi kamera si fani yangu sana lakini hizo mashine nazijua, marehemu baba alikuwa reli na sisi tulikulia kwenye nyumba za reli.

Binti yangu, hizo za aina ya 59, yaani kina 5918 na 5930, hazikuwa nyekundu. Ni damu ya mzee, yaani nyekundu ya giza, nzito, na uso wa mbele pale kwenye bomba ni mweusi. Ukiona kwenye kompyuta imeanza kuchangamka jua umeshatoka East African Railways umeingia kwingine. Hizo zilitoka Manchester kwa Beyer Peacock, 1955 na 1956, zilikuja 34, kila moja tani kama 252, na zote hizo zinatembea juu ya reli ya mita moja tu! Hakukuwa na injini ya mvuke ya mita moja kubwa kuzishinda duniani. Sasa picha ikiifanya ionekane nyepesi umeidhulumu, hapo nakubaliana na huyo Mkwawa.

Pia usisimame karibu mno na hiyo lenzi yako ukaivuta pana, ina urefu zaidi ya mita 30, ukiwa karibu tangi la mbele linavimba na nyuma kunakuwa mkia wa panya. Rudi nyuma. Na ujue ile boila imening'inia katikati ya seti mbili za magurudumu, ndo ilikuwa inakata kona za kupanda kutoka pwani bila shida, kwa hiyo ukikaa pembeni hakikisha seti zote mbili zinaonekana, asiyeona seti mbili hajaona Garratt, ndo jina la injini za muundo huo.

Ndani ya kebini usitafute makaa wala koleo, 59 ilikuwa inachoma mafuta mazito. Fayamani, yule wa kutunza moto, alikuwa na valvu za kufungua na kufunga, macho yake yako kwenye geji na kwenye moshi. Piga geji na mkono wa regyuleta, ule wa kuruhusu mvuke, pale mkono umesuguliwa na viganja vya watu mpaka chuma kimekuwa laini. Tanuru liache liwe jeusi. Lilikuwa jeusi hata enzi hizo likiwa limezimwa.

Shani_Lenzi
Shikamoo mzee wangu, hiyo ya damu ya mzee imenifungua macho, nimefungua picha sasa hivi nimeshusha nyekundu na kupunguza mwanga imeanza kukaa. Fundi asante sana, Fusion nimejaribu kwenye faili zilezile na pete imeondoka. Swali jingine, nyasi na majani ya miti nyuma yanatoka mara mbili mbili, upepo. Na je injini ikiwa inatembea na moshi?

Njeri_wa_Simu
Na sisi wa simu je jamani 🙄

MzeeWaMuthurwa
Marahaba binti.

FundiStopu
Njeri simu yako tayari inafanya HDR bila kukuuliza, inapiga fremu nyingi za giza haraka haraka na kuzijumlisha, kwa hiyo usiiongezee tena zile filta za HDR za programu ya Snapseed juu yake. Gusa skrini kwenye mwili wa injini, shusha kale kajua pembeni kidogo, piga. Ukitaka kujifanyia mwenyewe weka programu ya Open Camera, ina sehemu ya kupiga mwanga tofauti, ila egemeza simu kwenye kitu.

Shani majani washa deghost (inayofuta vitu vilivyosogea kati ya fremu), na uchague fremu ya katikati iwe ndo msingi wa hilo eneo, au nenda asubuhi upepo haujaanza na jua linaingia kwa ubavu mpaka kwenye magurudumu, pengine hata hutahitaji fremu tatu. Ukienda na mtu mpe kadibodi nyeupe akae chini nje ya fremu aelekeze mwanga kwenye zile fimbo za magurudumu, inasaidia kuliko programu yoyote. Injini inayotembea hakuna HDR ya fremu nyingi, moshi ukiunganisha unatoka vipande vipande. RAW moja, shata 1/500 kwenda juu, pima kwa moshi mweupe usiungue, mwili wa injini utauinua baadaye. Na pale mlangoni uliza kwanza kuhusu tripodi kabla hujaifungua.

Mkwawa_RAW
Kwa hiyo RAW moja. Nilisema mimi 😎

FundiStopu
Kebini je?