Nyimbo za .ogg na .flac zinagoma kwenye Windows 7

igoma_sauti: Wakuu, habari za jioni. Nipo Igoma, Mwanza. Nina flashi ya nyimbo za kwaya, nusu .ogg, nusu .flac. Windows Media Player inazikataa zote. Kompyuta ina RAM ya GB 2. Nataka pia zipige kwenye redio ya gari.

fundi_kirumba: Mkuu, mafaili ni mazima. Programu hiyo kwenye Windows 7 haina kodeki (vipande vya programu vinavyosoma aina fulani ya sauti) za Vorbis, sauti iliyomo ndani ya .ogg, wala FLAC. Tafadhali usibadilishe jina la .ogg kuwa .mp3, kilichomo ndani hakibadiliki! Pakua VLC toleo la 3 kutoka videolan.org pekee, ni ya bure, kodeki zimo humo humo, na GB 2 zinatosha kabisa. Kisha bonyeza faili kitufe cha kulia, chagua ifunguliwe na VLC.

ziwani_fm: Redio nyingi za gari za zamani zinasoma MP3 tu, tena flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili). Ndani ya VLC bonyeza Ctrl+R, ongeza faili, chagua MP3, kilobiti 192 kwa sekunde: dakika moja ni kama MB 1.4. Wimbo ukiwepo kwa aina zote mbili, geuza ule wa FLAC. Ogg Vorbis imeshapunguzwa ubora wa sauti tayari, ukiigeuza unapungua tena. Na FLAC zenyewe usizifute, ndizo nakala mama.

fundi_kirumba: Nyongeza: .ogg ikikaa kimya kwenye VLC ya zamani, huenda ndani ni Opus, aina nyingine ya sauti, si Vorbis. Ctrl+J itakuonyesha kodeki.