Mama ni mashoto, mbona maneno yamepotea?

Binti wa Kadutu: Habari zenu. Mama alipata AVC (kiharusi) miezi mitatu iliyopita, hapa Bukavu. Mkono na mguu wa kuume vimelala. Kusikia anasikia: ukimwambia ashike kitambaa, anakishika. Ila kinywani limebaki neno moja, "sasa". Chai? "Sasa." Nani alikuja? "Sasa." Na huyu ameuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, miaka ishirini, ulimi wake soko zima liliuogopa!

Munganga (daktari) alisema mshipa uliziba upande wa kushoto wa ubongo, ndipo lugha inapokaa. Lakini mama ni mashoto tangu utoto, nyanya alimchapa sana kwa kula na mkono huo. Nilisikia kwa mashoto lugha inahamia kuume. Sasa imekuwaje? Tena Jumapili majirani wakiimba wimbo wa Mashi, lugha yetu, anaufuata na maneno yote!

Muuguzi mstaafu: Pole, binti yangu. Hiyo ya kuhamia ni kweli kwa wachache tu. Kwa wanaotumia kuume, karibu 95 kati ya 100 lugha iko kushoto. Kwa mashoto ni kama 70. Waliobaki, wengine iko kuume, wengine pande zote mbili. Mama yako yuko na wengi.

Hata hiyo "sasa" si ngeni. Paris, mwaka 1861, daktari Paul Broca alipasua ubongo wa marehemu Leborgne, mtu aliyekaa hospitali miaka 21 akisema "tan" tu. Kidonda kilikuwa mbele, kushoto. Akili ya mama haijaondoka, msimwongeleshe kama mtoto. Wimbo na sala hutoka kwa mazoea, na upande wa kuume wa ubongo hubeba sana sauti ya wimbo.

Kaka wa Lushi (Lubumbashi): Baba yetu alirudia Kiswahili kwanza, Kifaransa kikachelewa, ingawa alikuwa mwalimu wa Kifaransa! Jirani yake ilikuwa kinyume. Sisi tulimwimbia maneno ya nyumbani, "na-ta-ka ma-ji", tukimgonga mkono wa kushoto polepole. Na acheni kummalizia sentensi, ilimkasirisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Binti wa Kadutu: Aksanti sana. Leo nimemwimbia "u-na-ta-ka chai". Akajibu kwa sauti ileile ya wimbo: "sa-sa-sa sasa". Tumecheka mpaka chai ikapoa. Kuna mtu anajua ortofonisti, mtaalamu wa kurudisha usemi, anayefuata wagonjwa nyumbani, upande wa Kadutu au Ibanda?