Uamuzi wa awali wa forodha: karatasi ya miezi 12, deni la miaka 5

Wadau wa forodha, leo bila kumung'unya maneno.

Kifungu cha 248A cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki kinakuruhusu kumwandikia Kamishna wa forodha kabla mzigo haujafika, akuambie bidhaa yako inaangukia namba ipi ya HS, mfumo wa kimataifa wa kuzipanga bidhaa kwa namba; jibu hilo ndilo uamuzi wa awali. Ana siku 30, na jibu lake linambana yeye na wewe. Safi. Ila linadumu miezi 12 tu! Wenzetu Umoja wa Ulaya wanapewa miaka 3. Huku wakaguzi wana ruhusa ya kufukua nyaraka zako za miaka 5 nyuma, na wakibadili namba unalipa tofauti ya ushuru na riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Anayeleta kontena moja kila robo mwaka anapata kinga ya makontena manne, basi, anarudi foleni.

Halafu bandarini unatoa barua ya uamuzi huo, afisa anaisoma, anaiweka pembeni na kuanza upya kana kwamba sahihi ya Kamishna ni mapambo. Gharama za kuhifadhi kontena zinapanda kila siku. Nani anazilipa? Si yeye.

Lakini mawakala wa forodha nao waache uzembe. Chukua vidonge vya vitamini, ugomvi usioisha. Mwagizaji anataka namba 3004, dawa. Afisa anasema 2106, virutubisho, na tusidanganyane, mara nyingi afisa yuko sahihi: dokezo la 1(a) la Sura ya 30 ya HS, sura ya dawa, linavitoa virutubisho nje. Kusajiliwa na mamlaka ya dawa peke yake hakukuokoi. Angalia lebo inataja ugonjwa gani, dozi kiasi gani. Sasa mtu anapeleka barua ya mistari miwili, "multivitamini, tunaomba 3004", hakuna miligramu, hakuna lebo. Ajibiwe nini?

Ombi moja, bidhaa moja. Ambatisha lebo pande zote, fomula yenye kiasi cha kila kiungo, aina ya kifungashio, sampuli, na hoja zako ukianzia Kanuni ya 1 ya tafsiri ya HS. Wengi wanarukia Kanuni ya 3(b), ya bidhaa mchanganyiko, kwa sababu maneno "sifa ya msingi" yanasikika vizuri, wakati maelezo ya namba yenyewe na madokezo ya sura, ambayo ndiyo Kanuni ya 1, yameshamaliza kazi. Na jina kwenye ankara lifanane na lililo kwenye uamuzi, neno kwa neno. Kiwanda kikibadili fomula, karatasi yako imekufa hata kama tarehe haijafika.

Afisa akikaza, tumia kifungu cha 229: siku 30 kumwomba Kamishna mapitio. Naye asipokujibu ndani ya siku 30 tangu alipopokea, ombi linahesabika limekubaliwa. Ndiyo maana nakala yako lazima igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke. Bila muhuri huo, hizo siku 30 utazihesabu kuanzia lini?