Wa kwetu wanapasha misuli, wa mkopo wanacheza. Hii ni klabu au kituo cha kulelea watoto wa wenzetu?

Wakuu, nimejizuia tangu msimu uanze, ila ya jana yamenishinda.

Dakika ya 74. Tuko nyuma kwa bao moja. Winga wetu wa kushoto, yule wa mkopo (mali ya klabu nyingine, kwetu yupo kwa muda tu), anachechemea tangu kipindi cha pili kianze, mpira ukipigwa nyuma ya beki anautazama tu unavyotoka. Kijana wetu wa miaka 19, aliyekulia hapa hapa tangu ana miaka 11, ameitwa. Kavua traksuti, kavaa vilinda ugoko, kocha msaidizi anamwonyesha kwenye karatasi asimame wapi kona ikipigwa. Mwamuzi wa akiba ameshaweka namba kwenye kibao. Mara kocha mkuu anageuka, anapunga mkono: rudi ukae. Dogo akarudi, akajifunika taulo kichwani. Mchechemeaji akamaliza dakika zote 90 na tukalala vile vile.

Msiniambie ni mbinu. Mikataba mingi ya mkopo siku hizi ina kipengele cha mechi: mchezaji akipangwa mara za kutosha, klabu iliyomchukua kwa mkopo inalipa sehemu ndogo ya mshahara wake, akiozea benchi, sehemu hiyo inapanda au inatozwa faini. Klabu mama, yaani ile inayommiliki, haimleti kijana wake kwako aje kupumzika, inataka acheze, apande thamani, arudi. Mimi nasema huyu winga ana kipengele cha namna hiyo. Uongozi ukanushe kama naongopa. Maana kama ni kweli, basi kikosi chetu hakipangwi na kocha peke yake, kuna mhasibu kakaa naye benchi.

Tuhesabu wa jana: kipa, beki wa kati, viungo wote wawili wa chini, na winga. Watano. Uti wa mgongo mzima wa timu ni mali ya watu. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, sisi tumeazima hadi mkanda.

Na yaliyotukuta tulipocheza na wenye mali, mmeshasahau? Watatu kati ya hao watano wametoka klabu moja, na mkataba unawazuia kucheza dhidi yake. Ghafla siku hiyo ndiyo "vijana wapewe nafasi". Watoto ambao hawajaanza mechi ya ligi tangu msimu uanze wakatupwa uwanjani kwa mkupuo mmoja, dhidi ya timu ngumu kuliko zote, wakapigwa nne. Kesho yake kocha anawaambia waandishi kwamba vijana hawajawa tayari. Watakuwaje tayari? Utayari unapatikana kwenye kukimbia mstarini huku wenzao wanacheza? Wiki iliyofuata wote wakarudishwa jukwaani na wa mkopo wakarejea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo kauli ya kocha iliniuma kuliko yale mabao manne.

Najua kuna watakaosema mkopo unaleta ubingwa, na watakuja na hoja ya Atlético Madrid na kipa Courtois. Sawa, tuizungumze. Courtois alikaa pale kwa mkopo wa Chelsea misimu mitatu, 2011 hadi 2014, wakachukua ubingwa wa Hispania 2014. Mwaka huo huo walipopangwa na Chelsea nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, kulikuwa na kipengele cha Atlético kuilipa Chelsea pesa ili adake, UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, ikasema hakina nguvu, akadaka, wakashinda 3-1 Stamford Bridge. Safi kabisa. Lakini yule alikuwa mmoja, golini, na mbele yake kulikuwa na timu yao wenyewe: Godín, Gabi, Koke aliyetoka kwenye akademi yao. Na alipoitwa kwao kiangazi kile, Atlético wakamnunua kipa Oblak. Wakamnunua, si kumwazima. Sisi kipa wetu akiitwa kwao, nani anakaa golini? Namba mbili wetu tumempeleka kwa mkopo kwingine! Hili nimeliandika huku nacheka kwa hasira.

Mwingine atataja Watford ya Uingereza ya 2012/13. Wale walijaza wachezaji wa mkopo wa Udinese ya Italia, wakafika fainali ya kupanda daraja Wembley, wakafungwa 1-0 na Crystal Palace kwa penalti ya Kevin Phillips kwenye dakika za nyongeza. Ila Watford na Udinese zilikuwa mikononi mwa familia moja, ya Pozzo, kwa hiyo mali ilikuwa inahama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Na hata hivyo straika Vydra, mmoja wa hao wa mkopo, aliyewafungia mabao 20 ya ligi, msimu uliofuata alikuwa West Bromwich Albion, kwa mkopo vile vile. Sisi tuna undugu gani na hao tunaowalelea? Winga wetu akifunga mabao 15, atauzwa na wao na pesa italala kwao. Wetu angefunga nane tu, ni mtaji wetu.

FIFA yenyewe iliona hii michezo ikaweka kikomo kwa mikopo ya kimataifa kuanzia Julai 2022: wanane kuingia na wanane kutoka, wakashuka hadi saba, na tangu Julai 2024 ni sita, si zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Angalieni sasa ujanja. Kijana wa miaka 21 kushuka chini aliyelelewa na klabu mama hahesabiwi. Kanuni ilitaka watoto wapate pa kuchezea, viongozi wetu wakaisoma kama ruhusa ya kukusanya watoto wa jirani na kuwaweka wa kwetu nje.

Sisemi mkopo ni haramu. Beki akivunjika mguu katikati ya msimu, azima. Straika hakuna, pesa hakuna, azima mmoja mwenye kipengele cha kumnunua mkataba ukiisha. Hawa watano wana hicho kipengele? Nimefuatilia taarifa zote tano za usajili kwenye ukurasa wa klabu, nne zinasema "hadi mwisho wa msimu" na kuishia hapo, ya kipa ina nyongeza kwamba klabu yake inaweza kumwita dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu, likifunguliwa. Yaani tunaweza kuamka siku moja hatuna kipa.

Ninachotaka ni vitu viwili tu kabla dirisha halijafunguliwa. Uongozi useme wazi kama kuna faini tunatozwa wa mkopo wakikaa benchi. Na yule dogo wa dakika ya 74, mkataba wake unaisha msimu huu: kuna aliyekaa naye mezani? Maana jana filimbi ya mwisho ilipolia, aliyemfuata pale kwenye benchi akampa mkono na kuongea naye muda mrefu ni kocha wa wapinzani.